Akigonga Vilevile, Yuko Salama

Jirani zangu, na nyinyi wengine ambao hamtujui lakini mna nyumba na mna watu ndani yake, naomba mnisikilize kidogo. Kwa mdomo nisingeweza kuyasema haya, maana mimi nikisimama mbele ya watu watatu tu, sauti yangu haisikiki. Lakini yametokea kwetu, na kwa jinsi yalivyotokea polepole bila kelele, naona yanaweza kuwa yameshaanza kwako.

Nyumba yetu ilikuwa ya amani. Ungepita mchana ungesikia cherehani ya mama chumba cha mbele, trrrr, inatulia, trrrr tena. Redio juu ya kabati inaongea peke yake. Mtaa wa pili, mashine ya kusaga nafaka anayoendesha baba inanguruma tangu asubuhi hadi jua linapoelekea kuzama. Mimi niko mezani na madaftari yangu, paka kalala juu ya mabaki ya vitambaa. Mpita njia angesema, hawa watu hawana shida.

Pale mashineni baba yangu wanamwita Masikio, na sio kwamba ana masikio makubwa. Ni kwamba anaisikia mashine kuliko mama anavyomsikia mtoto wake. Wateja wamepanga foleni, wanapiga soga, wanacheka, mota inanguruma mpaka meno yanatetemeka, halafu ghafla baba anainua mkono na kuzima umeme. Anafungua, anaingiza vidole kwenye nafaka, anatoa msumari. Au anasema mkanda umeanza kulegea, na kweli umelegea. Wanamtania kwamba Mzee Masikio anaweza kusikia mbu akipiga chafya. Yeye anafuta unga kwenye nyusi na kuwaambia siri ni ndogo tu. Sauti isiyobadilika usiisikilize, itakuchosha bure. Iache ipite. Sikiliza ile inayobadilika.

Kumbukeni maneno hayo. Ni maneno ya kweli kabisa, na ndiyo yaliyotuponza.

Mwaka jana bibi, mama yake baba, alipata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukawa mzito kiasi kwamba kila anachotaka kusema kinatoka "eeh". Akili yake iko palepale, mnaona kwenye macho. Baba akamleta kwetu, tukamwandalia chumba kidogo mwisho wa korido, ambacho zamani mama aliwekea majora ya vitambaa. Juu ya stuli kando ya kitanda tukaweka kikombe cha bati na kijiko. Akihitaji kitu, agonge.

Mkono wake wa kushoto nao hauna nguvu sana. Alikuwa anajua kugonga namna moja tu. Ti, ti, ti. Anapumzika. Ti, ti, ti. Akiwa na kiu ni hivyo hivyo, akitaka kugeuzwa ni hivyo hivyo, jua likimchoma usoni ni hivyo hivyo. Hakuwa na namna ya kugonga "haraka" na nyingine ya kugonga "taratibu tu, ukipata nafasi".

Wiki ya kwanza tulikuwa tunakimbia. Mama aliacha kitambaa chini ya sindano. Baba aliacha tonge njiani. Mimi nilikuwa nafika kabla kijiko hakijagonga mara ya pili, nampa maji, namgeuza, nafungua dirisha.

Lakini kuna mara nilikuta hataki kitu. Nimeuliza maji, kichwa hapana. Nimeuliza mto, hapana. Basi ananitazama tu, ananigusa kiganja kwa vidole vyake vikavu, anaviacha pale. Nilikuwa nakaa kidogo halafu nakumbuka kazi za shule. Nikirudi mama anauliza alikuwa anataka nini, nasema hakuna. Mama akasema, aah, basi mama mkwe ameshaanza mchezo.

Hakusema kwa ubaya. Mama yangu si mtu mbaya, na mkisoma haya mkamwona mbaya mtakuwa mmenielewa vibaya. Ni mtu mwenye sare za shule arobaini za kushona na mgongo mmoja.

Mwezi wa pili tulikuwa tunatembea, hatukimbii. Mwezi wa tatu tunaulizana nani aende. Siku moja tukiwa tunakula kijiko kikaanza, na mama akaweka uma chini akasema jamani, mtu hata kumeza hawezi. Baba alifikiri, akafurahi kama mtu aliyepata jawabu la hesabu. Akasema:

"Tufanye kama mashineni. Mama akigonga vilevile, ujue yuko salama, anataka mtu tu. Akibadilisha mgongo wake au akinyamaza ghafla, hapo ndipo tukimbie. Vinginevyo tunaingia asubuhi, mchana na jioni kwa zamu."

Mama akamtania, unasema mgongo wa kulalia au mgongano? Baba akacheka, akasema wewe shona, umenielewa, na tangu hapo kugonga kwa bibi tukakuita mgongo. Wote tukacheka. Kulikuwa na nafuu kwenye kile kicheko, naikumbuka mpaka leo. Mama akaongeza kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Na kule mwisho wa korido, ti, ti, ti.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Mimi nilidhani kutokumsikia bibi itakuwa kazi ngumu. Nilidhani nitakuwa nakaa na daftari huku moyo unanisuta. Haikuwa hivyo. Ilichukua kama wiki mbili. Baada ya hapo sikuwa navumilia ule mgongo wa kijiko, nilikuwa siusikii kabisa. Ulikwenda kukaa mahali pamoja na saa ya ukutani na bomba la jikoni linalodondoka. Ukiniuliza bibi amegonga leo, ningekuapia sijui.

Redio je? Redio nilikuwa naisikia neno kwa neno. Nimelifikiria sana hili. Redio kila baada ya dakika moja inageuka. Mara wimbo, mara mwanamume anacheka, mara tangazo la sabuni, mara mwanamke mwenye sauti nyembamba anatoa mafumbo. Kila ikigeuka, sikio linainuka hata kama halitaki. Bibi alikuwa anashindana na redio, na bibi alikuwa na sauti moja tu.

Likizo ya katikati ya mwaka nikaenda kwa shangazi, siku kumi. Kwa shangazi kumetulia, ana jogoo tu na mlango unaolia. Niliporudi, niko bado getini na begi langu mkononi, nikasikia. Ti, ti, ti. Wazi kama siku ya kwanza. Nilisimama pale nikaona aibu, maana mama na baba walikuwa barazani wanazungumza, wala hakuna aliyekuwa amegeuza hata shingo. Nikaenda kwa bibi kabla sijavua viatu. Alinishika kiganja, sikukitoa. Nikajiahidi kwamba kila atakapogonga nitakwenda.

Niliitunza ahadi yangu siku mbili. Ya tatu nilikwenda mara tatu. Ya nne nilikuwa nimeshazoea. Sikuamua kuacha, ndugu zangu. Nilizoea tu.

Sasa niwaambie Jumamosi yenyewe.

Asubuhi ilikuwa zamu yangu. Nilimpelekea bibi chai na mkate, nikamlisha, nikamfuta mdomo. Nikasogeza stuli pembeni ili nifagie chini ya kitanda. Nikafagia. Nikatoka na taka. Stuli sikuirudisha.

Ni kama hatua mbili tu kutoka kitandani. Kwako ni hatua mbili. Kwa mtu mwenye nusu ya mwili ni mtaa mzima.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mama alikuwa na sare za watu zinazosubiriwa. Redio ilikuwa na shindano la mafumbo, watu wanapiga simu, wanakosea, mtangazaji anawacheka. Mimi nilikaa mezani na hesabu zangu. Ilipofika saa nne na dakika kadhaa, niliinua kichwa. Kulikuwa na mgongo mwingine. Ule wa bati ni mwembamba, unapanda juu. Huu ulikuwa mzito na wa chini. Ko, ko, ko. Unapumzika. Ko, ko, ko.

Niliusikia, sitasema uongo. Niliusikia vizuri kabisa, na nikajua umebadilika. Nikamwambia mama, bibi leo anagonga tofauti.

Mimi nina sauti ndogo. Mama alikuwa katikati ya mshono. Akauliza bila kuinua macho:

"Anagonga?"

"Anagonga."

"Basi yuko salama."

Akakanyaga cherehani. Nikabaki nimeshika kalamu. Kulikuwa na kitu kifuani kinaniambia inuka, na kingine kinaniambia umeshasema, mkubwa ameshajibu, unataka nini tena. Ningeweza kurudia. Ningeweza kwenda mwenyewe, korido ina hatua kumi na mbili. Ndipo kwenye redio mtu akapatia fumbo, wakapiga tarumbeta na kelele, sikio langu likakimbilia huko. Liliporudi, ule mgongo mzito ulikuwa bado unaendelea, lakini sasa haukuwa mpya tena. Ko, ko, ko, ko, ko, ko. Nikamaliza swali la tano, nikaingia la sita.

Kabla ya saa sita mama akanituma nipeleke sare kumi kwa mwalimu mkuu upande wa pili wa mji. Nikaondoka mbio. Mama alidhani nimempa bibi chakula kabla ya kutoka. Mimi nilidhani mama atampa kwa kuwa nimetoka. Nilirudi saa nane na nusu, nimechoka, nikala, nikakaa namsaidia mama kushona vifungo, kimoja baada ya kingine. Mara mbili nilipita mlango wa bibi kwenda chooni. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nilipita.

Saa kumi ikapigwa hodi.

Alikuwa msoma mita wa maji, mwanamke mnene wa umri wa mama, ana ovaroli ya bluu, daftari limefungwa kwa mpira na tochi shingoni. Anakuja mara moja kwa mwezi, anakaa dakika mbili, anatania, anaondoka. Mama akamwambia pita tu dada, unapajua. Akapita korido mpaka nyuma ya jiko, akasoma, akaanza kurudi huku akisema bomba lenu la jikoni linadondoka, mnalipia maji ya kuoshea hewa. Mama akacheka, akasema bomba lipi tena.

Halafu nyayo zake zikasimama katikati ya korido.

"Samahani, dada. Nani anagonga huku?"

Mama akaacha kukanyaga. Akaniangalia, nikamwangalia.

"Anagonga wapi?" mama akauliza.

"Humu ndani. Hamsikii?"

Nawaambia ukweli wa Mungu. Kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili sikusikia kitu. Nilisikia saa, nilisikia mwanamke wa redio anaaga. Halafu ikawa kama mtu amenitoa pamba masikioni. Ko. Kimya kirefu. Ko. Haikuwa tatu tatu tena. Ilikuwa moja moja, na kati ya moja na nyingine ungeweza kuhesabu mpaka kumi.

Mama alifika kabla yangu. Bibi alikuwa chini, sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, mguu umekunjwa chini yake vibaya. Stuli iko kule, kikombe juu yake kimesimama vizuri kabisa. Kijiko alikuwa nacho mkononi, sijui alikifikiaje. Alikuwa anagonga mguu wa kitanda. Midomo ilikuwa imepasuka. Sakafu ilikuwa imelowa, na kanga yake pia. Alipotuona hakusema hata "eeh". Aliendelea kugonga, ko, akitutazama, kama vile hakuamini kwamba tumekuja, au kama vile mkono ulikuwa haujui kuacha.

Msoma mita ndiye aliyeushika ule mkono. Alipiga magoti na tochi yake ikiningʼinia, akafungua vidole kimoja kimoja, akatoa kijiko, akasema basi mama, basi, wameshasikia. Halafu akatuambia tusimvute mguu, tuite gari, na tumpe maji kwa kijiko kidogo kidogo. Mama alikuwa analia. Msoma mita hakutulaumu. Tulipokuwa tunasubiri gari alisema maneno ambayo sitayasahau:

"Mimi naingia nyumba sitini kwa siku, dada. Kila nyumba ina sauti ambayo wenyewe hawaisikii. Mbwa amefungwa, bomba, mtoto anakohoa. Mimi nasikia kwa sababu ni mgeni. Ningekaa kwenu mwezi mmoja, na mimi ningekuwa kama nyinyi."

Akaenda zake, alikuwa na nyumba nyingine.

Baba alitukuta hospitali, mweupe kwa unga tangu kichwani mpaka viatuni. Watu kwenye benchi walimpisha wasichafuke. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akatoka akasema nyonga imevunjika na mwili umekauka maji. Akasema ili ajue la kufanya kuhusu figo, anahitaji kujua mgonjwa ameanguka saa ngapi.

Baba akasema yeye alikuwa kazini. Daktari akamgeukia mama. Mama akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Daktari akauliza kwa njia nyingine, je, mgonjwa aliita? Mama akasema aliita. Alianza kuita saa ngapi? Ni swali gani lile? Bibi alikuwa anaita tangu siku alipoletwa kwetu.

Nikasema mimi. Sijui nilipata wapi sauti.

"Saa nne na dakika kama kumi."

Wote wakanigeukia. Daktari akaandika, akarudi ndani. Baba akachuchumaa mbele yangu, unga unamdondoka magotini.

"Umejuaje?"

"Nilisikia imebadilika."

"Ukafanya nini?"

"Nilisema."

"Ulisema mara ngapi?"

"Mara moja."

Hakunipiga, hakunifokea. Alibaki amechuchumaa anaangalia sakafu. Mama akasema ni kweli, aliniambia, nikamjibu yuko salama. Akasema mara mbili, yuko salama, yuko salama, kama anayeonja chakula kilichoharibika. Baba akasema, hayo maneno ni yangu.

Nimelala na jambo hili kichwani siku nyingi. Mimi nilisema mara moja, ikawa kidogo mno. Bibi aligonga, sijui, mara elfu ngapi, ikawa nyingi mno. Sote wawili hatukusikika, kwenye nyumba ya mtu anayeitwa Masikio.

Bibi hakufa. Alikaa hospitali wiki tano, na shangazi akaja akalala chini ya kitanda chake kwenye mkeka bila kusema na baba neno lolote lisilo la lazima. Aliporudi nyumbani tulikuwa tumeshahamisha kitanda chake chumba cha mbele, karibu na dirisha, upande wa pili wa cherehani, mama akiinua macho wanaonana. Redio tuliipeleka jikoni. Siku hizi hakuna wa kuulizwa zamu ni ya nani.

Kwa hiyo mnaweza kusema ameokolewa. Mimi pia nilisema hivyo.

Lakini bibi hagongi tena. Tulimwekea kikombe chake, hakukigusa. Shangazi akanunua kengele ndogo yenye mpini, nzuri, inalia hata ukiipulizia. Haigusi. Mkono wa kushoto hauna tatizo, daktari ameuangalia, anaweza kushika mkate. Akiwa na kiu anakaa na kiu yake. Jua likimfika usoni anafumba macho. Siku moja mama alimkuta amelala juu ya mkunjo wa shuka uliomchubua mgongo, na kengele iko hapo, sentimita chache. Ameacha kuita. Aliita siku nyingi, akaita kwa mkono mpaka ukakosa nguvu, akaona matokeo yake.

Baba sasa anafunga mashine mchana, anakuja anakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Juzi nilimsikia anamwambia. Nilikuwa mlangoni, hawakuniona.

"Mama, gonga. Gonga mara moja tu nije. Hata kama hutaki kitu."

Bibi alimtazama muda mrefu. Halafu akageuza uso kwenye dirisha. Hakuwa na hasira, ningeona. Alikuwa kama mtu aliyeulizwa habari za mji aliohama.

Baba akavuta kiti karibu zaidi. Masikio hayana kazi tena pale, basi anatumia macho. Anaangalia midomo kama imekauka, vidole kama vimekunjamana, shuka kama imevutwa. Anajifunza upya, mtu mzima na mvi zake, na anakosea. Jana alimpa maji mara nne, kumbe alikuwa anahisi baridi. Mimi ndiye niliyeona. Nikasema. Baba hakusikia, nikasema tena, kwa sauti kubwa mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. Akainuka akaleta blanketi.

FUNDISHO

Hadithi hii inatufundisha kwamba mazoea yanaziba masikio kuliko pamba. Sio lazima uwe na roho mbaya ndipo umwache mtu wako. Inatosha awe anakuita kila siku kwa sauti ileile. Mwisho utamsikia kama unavyosikia saa ya ukutani, yaani hutamsikia, na utaapa kwamba hakukuita.

Mtu si mashine. Mashine ikinguruma vilevile ni nzima. Mtu akiita vilevile kila siku, maana yake ni kwamba kila siku hajajibiwa. Usingoje abadilishe sauti. Wengine hawana sauti nyingine. Mgonjwa ana moja, mtoto mchanga ana moja, mlevi anayesema kila siku "nimechoka" ana hiyo hiyo, na yule mke anayelalamika jambo moja miaka kumi mpaka mkampa jina la utani, naye huenda hana maneno mengine.

Na wewe unayeona jambo ukasema mara moja kwa sauti ndogo, ukanyamaza kwa sababu wakubwa wameshajibu, jua kwamba mara moja haitoshi. Rudia. Wakikasirika, rudia. Au nyamaza, lakini inuka uende mwenyewe.

Mkaribishe mgeni nyumbani kwako, umuulize anasikia nini. Kama huna mgeni, zima kila kinachozimika, ukae kimya mpaka kimya chenyewe kikuchoshe. Utakachokisikia hapo, usikizoee. Kifuate mpaka mlangoni kwake, na usiurudishe mlango ukitoka.